Joto la Jirani: Jinsi Denmark Ilivyoacha Kutupa Moto Wake

Frederiksberg, 1903

Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa Frederiksberg ulikuwa umebanwa. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ulikuwa umetanuka na kumeza vitongoji vya pembeni, hata Frederiksberg ukajikuta umezungukwa pande zote mfano wa kisiwa, hauna bonde wala shamba la kumwagia taka. Watu waliongezeka, nyumba za ghorofa zikasongamana, na majivu na maganda na mabaki ya majikoni yakawa mzigo usio na pa kutuliwa. Wakati huohuo manispaa ilikuwa inakamilisha hospitali mpya, na katika nchi ambayo baridi hushika tangu Oktoba hadi Aprili, wodi isiyo na joto ni mahali pa kufia, si pa kupona.

Busara ya waliousimamia mji ule ilikuwa kuyatazama mambo hayo mawili kwa pamoja. Mwaka 1903 wakawasha tanuri la kuchomea taka. Moto ulichemsha maji, mvuke ukafua umeme, kisha joto lililobaki likasafiri kwenye mabomba chini ya barabara hadi hospitalini. Taka za mtaa zikawa zinawapasha joto wagonjwa wa mtaa uleule. Huo ndio mtandao wa kwanza wa namna hiyo nchini Denmark.

Kuna jambo moja hapa ambalo ni rahisi kulipita. Mwenye taka, mwenye tanuri na mwenye wodi alikuwa mmoja, yaani manispaa. Hapakuwa na mtu wa kupatana naye bei, wala wa kumwogopa kwamba kesho atafunga bomba. Karibu kila kilichofuata katika miaka zaidi ya mia moja ni jitihada za kuwafanya watu wenye mali mbalimbali wapatane kama kwamba moto na nyumba ni vya mtu mmoja. Ufundi wa mabomba ulijulikana mapema sana. Mapatano ndiyo yaliyochelewa.

Waliotangulia

Kupasha mtaa mzima kutoka mahali pamoja hakukuanzia Denmark. Huko Chaudes-Aigues, Ufaransa, watu walipitisha maji ya chemchemi ya moto majumbani mwao tangu karne ya 14. Mwaka 1877, katika mji wa Lockport, jimbo la New York, Birdsill Holly alifukia mabomba ya mvuke kutoka kwenye boila yake na kuwauzia majirani joto. Miaka mitano baadaye biashara hiyo ilikuwa imeingia Manhattan, na sehemu ya ule mvuke tunaouona kwenye filamu ukifuka katikati ya barabara za New York inatokana nayo hadi leo.

Lakini Holly alichoma makaa ili auze joto. Frederiksberg hawakuwasha moto kwa ajili ya kuuza joto. Waliuwasha kwa sababu taka zilikuwa zimewashinda, na joto likawa nyongeza iliyokuwa ipotelee angani. Ndiyo maana historia hii naianzia kwao.

Mji ukawa rejeta, 1920–1945

Aliyewahi kupanda basi kutoka Morogoro kwenda Iringa anaijua Kitonga. Basi linaukwea mlima taratibu, injini inaunguruma, dereva anautupia jicho mshale wa joto kila baada ya kona. Likichemka, linaegeshwa pembeni, na utingo anasubiri mvuke upungue ndipo athubutu kufungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Dizeli iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, sehemu yake kubwa haifiki kwenye magurudumu. Nyingine inatoka na moshi, nyingine inabebwa na maji ya rejeta na kupeperushwa na feni.

Sasa ichukue injini hiyo, ikuze mara nyingi, ifunge kwenye sakafu ya zege katikati ya mji mdogo wa Denmark katika miaka ya 1920, ifue umeme wa taa na wa karakana. Maji yanayoipoza yanatoka yakiwa ya moto sana, na nje theluji imefika magotini. Mafundi wa miji ile waliyaelekeza maji hayo kwenye nyumba za jirani. Yalizunguka ndani ya vipasha joto vya chuma vilivyofungwa chini ya madirisha, yakarudi yamepoa, yakaingia tena kwenye injini. Mji ukawa ndio rejeta. Injini haikuchemka, na wenye nyumba wakaota moto ambao tayari ulikuwa umelipiwa na umeme.

Hata hivyo mitandao hiyo ilikuwa midogo, na familia nyingi ziliendelea kubeba ndoo za makaa kutoka ghala la chini hadi ghorofani. Ujerumani ilipoikalia Denmark mwaka 1940, makaa na mafuta kutoka ng'ambo vikawa adimu, watu wakachimba mboji ya mabwawani na makaa hafifu ya kahawia ili wasigande.

Mafuta ya bei poa, 1945–1973

Baada ya vita yakaja mafuta, tena kwa bei ambayo hakuna aliyeiwazia. Vyama vya ushirika vya vijijini, ambavyo Wadenmark walikwisha kuvizoea katika maziwa na nyama ya nguruwe, vilinunua maboila ya kuchoma mafuta mazito na kutandaza mabomba kwa wanachama. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 karibu asilimia 30 ya nyumba zilipata joto kwa bomba. Wenyewe huliita fjernvarme, yaani joto la mbali. Nyingi ya nyumba zilizobaki zilikuwa na kichomeo chake cha mafuta, na lori likija kujaza tangi.

Mengi ya maboila ya ushirika hayakutumia joto la ziada hata kidogo, maana yalichoma mafuta mapya. Lakini yaliacha kitu chenye thamani kuliko yenyewe: mabomba yaliyokwisha kufukiwa, na wanakijiji waliozoea kukaa kwenye mkutano mkuu wa mwaka na kupanga bei ya joto lao wenyewe.

Ufukweni, mitambo mikubwa ya umeme ilikuwa inafanya ubadhirifu ambao leo unauma kuusimulia. Mtambo wa makaa au mafuta unaofua umeme tu hugeuza kama mafungu 40 kati ya kila 100 ya nishati yake kuwa umeme. Yanayobaki huenda na moshi au humwagwa baharini pamoja na maji ya kupozea. Bibi zetu wasingekubali. Kwenye jiko la kijijini, juu ya meko kuna dari ya fito ambako mahindi ya mbegu hukaushwa kwa moshi, na chungu kikishaepuliwa, viazi vitamu hufukiwa kwenye majivu ya moto ili watoto wapate cha kutafuna jioni. Moto mmoja, kazi tatu. Miji tajiri ya Ulaya ilikuwa imeusahau utaratibu huo kwa sababu mafuta yaliwaruhusu kuusahau.

Jumapili bila magari, 1973

Tarehe 25 Novemba 1973 barabara kuu za Denmark zilikuwa kimya. Vita vya Oktoba huko Mashariki ya Kati vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta na kupunguza shehena, na serikali ikapiga marufuku kuendesha magari siku za Jumapili. Familia zilitembea kwa miguu katikati ya barabara za lami, na watoto wakaendesha baiskeli mahali ambapo juzi yake wangekanyagwa. Wazee wa leo huizungumzia siku ile kwa furaha fulani, lakini majumbani hofu ilikuwa kubwa. Zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya nchi ilitokana na mafuta ya kuagizwa. Denmark haina milima ya kufulia umeme kama Norwe, haina migodi ya makaa ya maana, na visima vyake vya Bahari ya Kaskazini vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza kutoa.

Naamini hofu hiyo ndiyo iliyofanya kazi ambayo miaka 70 ya mfano wa Frederiksberg haikuifanya. Mwaka 1976 ilianzishwa idara ya serikali ya kushughulikia nishati, na mpango wa kwanza wa taifa wa nishati ukachapishwa. Mitambo ya umeme ilihama kutoka mafuta kwenda makaa ya mawe, na hapa sitaipaka rangi historia: joto lililookoa nyumba nyingi za Denmark katika miaka iliyofuata lilitoka kwenye makaa, tena kwa wingi. Kilichobadilika ni kwamba makaa yaleyale sasa yalitakiwa kufanya kazi mbili. Mtambo unaouza umeme na joto pamoja hupunguza umeme kidogo, lakini mafungu 85 hadi 90 kati ya 100 humfikia mtu anayeyahitaji.

Sheria ya 1979

Kisha ikaja Sheria ya Ugavi wa Joto ya mwaka 1979, na kwangu hiki ndicho kituo kikubwa cha safari yote.

Sheria iliitaka kila manispaa ichore ramani: nani anahitaji joto, kiasi gani, na joto la ziada liko wapi. Ramani zilipokamilika, nchi iligawanywa. Mitaa iliyosongamana ilipewa mabomba ya maji ya moto, mingine ikatengewa gesi ya Bahari ya Kaskazini, na mashambani kila mtu akabaki na lake. Manispaa zilipewa mamlaka ya kuilazimisha nyumba iunganishwe. Mtu aliyekuwa na tangi lake la mafuta aliambiwa kwamba jirani yake hawezi kupata joto kwa bei ya haki ikiwa yeye atabaki pembeni, maana bomba la mtaa hugharimu kilekile, wawe wateja kumi au mia.

Ilikuwa amri kali. Watu waliivumilia kwa sababu ya sharti lililokwenda nayo: kampuni ya joto hairuhusiwi kupata faida. Bili inapaswa kulingana na gharama, na ziada ikipatikana hurudi kwa wateja kwa kupunguza bei. Kampuni nyingi ni mali ya manispaa au ya ushirika wa wateja wenyewe, na vitabu vya hesabu viko wazi. Ni vigumu kumlazimisha mtu anunue kwa mfanyabiashara mmoja asiye na mshindani, halafu umwache mfanyabiashara huyo ajipangie faida. Nchi zinazoinakili Denmark kwa kununua mabomba yake na kuliacha sharti hili zinachukua mwili bila roho.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1984 manispaa tano, Copenhagen na Frederiksberg zikiwamo, ziliunda kampuni ya pamoja iitwayo CTR ya kusafirisha joto kutoka mitambo ya umeme na matanuri ya taka. Upande wa magharibi wa mji ikaundwa nyingine, VEKS. Mabomba makuu yakaunganishwa, na leo karibu asilimia 98 ya majengo ya Copenhagen hupata joto kwa njia hii. Msitu wa mabomba ya moshi juu ya mapaa, kila nyumba na lake, ulinyamaza.

Mabomba yenyewe yanastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani kuna chuma kinachobeba maji. Kimevikwa tabaka nene la povu gumu, na juu ya povu kuna ganda la plastiki nyeusi. Ndani ya povu zimelazwa nyaya nyembamba mbili za shaba. Maji yakivuja hata kidogo, povu hulowa, umeme mdogo unaopita kwenye nyaya hubadilika, na fundi aliyeketi kwenye kompyuta hujua achimbe wapi bila kuupasua mtaa mzima. Nyumbani, kwenye chumba cha chini, mabomba mawili hutokeza ukutani na kuingia kwenye kifaa kisichozidi ukubwa wa begi la shule, chenye mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Maji ya mtaa hupita upande mmoja wa kila bati, maji ya nyumba upande wa pili. Hayachanganyiki, yanagusana migongo tu. Yanaingia yakiwa na nyuzijoto 70 au 80, yanatoka na 40 hivi. Na katika miji mingi anayeyarudisha yakiwa bado na moto mwingi hutozwa zaidi, kwa kuwa amechukua nafasi ndani ya bomba bila kulitumia joto.

Kalundborg, 1961–1989

Wakati serikali ikiandika sheria, mji mmoja wa pwani, Kalundborg, ulikuwa umeshaanza mapatano yake bila kuamriwa. Mwaka 1961 kiwanda cha kusafishia mafuta kilichokuwa kinajengwa kilihitaji maji, na maji ya ardhini yalikuwa haba, basi kikapatana na mji yavutwe kutoka ziwa Tissø. Mwaka 1972 kiwanda cha mbao za jipsamu kilianza kuchukua gesi ambayo kiwanda cha mafuta kilikuwa kinaiunguza bure juu ya mnara. Tope la kiwanda cha dawa likawa mbolea ya wakulima. Kisha mwaka 1981 mtambo wa umeme wa Asnæs ukaanza kupeleka joto lake mjini, na vichomeo vya mafuta vya majumbani vipatavyo 3,500 vikazimwa. Maji ya vuguvugu kutoka mtambo huohuo yalitumika kufugia samaki.

Hakuna aliyeyapanga yote haya kwenye mchoro mmoja. Kila bomba lilikuwa mkataba wa watu wawili, na kila mkataba ulitiwa saini kwa sababu pande zote mbili ziliona faida. Wakuu wa viwanda vile walifahamiana, maana mji ni mdogo na watu hukutana sokoni na kwenye vikao vya watoto shuleni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo wenyewe walipotazama nyuma na kulipa jambo lao jina, wakaliita simbiosi, neno wanalolitumia wanabiolojia kwa viumbe wanaoishi kwa kutegemeana. Wataalamu wakamiminika kutoka pande zote za dunia kuja kujifunza.

Manung'uniko

Miaka ya 1990 iliwabana baadhi ya watu. Vijiji vilivyotiwa moyo na serikali kujenga mitambo midogo ya gesi, ya kufua umeme na joto, vilikuta wateja ni wachache na mkopo ni mzito. Wenye nyumba huko walilipa bili kubwa kuliko mjini, na kwa kuwa walikuwa wamefungwa na amri ya kuunganishwa, hawakuwa na pa kukimbilia. Wana haki ya kulalamika. Joto la pamoja linataka watu wakae karibu karibu, na pale nyumba zilipotawanyika sheria ilikwenda mbele kuliko hesabu.

Manung'uniko mengine yalihusu kodi. Kiwanda kilipouza joto lake la ziada kwa ajili ya nyumba, kilitozwa. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi: nishati ya viwandani hutozwa kodi ndogo kuliko ya kupasha nyumba, kwa hiyo mtu mjanja angeweza kuchoma zaidi ya anachohitaji na kuliita joto hilo ziada. Lakini viwanda vya kweli vilipiga hesabu, vikaona hakuna maana, vikaendelea kulipuliza joto angani. Mwaka 2019 vyama bungeni vilikubaliana kulegeza kodi hizo.

Na kulikuwa na suala la tanuri za kuchomea maiti. Wadenmark wengi huchomwa wanapofariki, na moshi wa tanuri lazima upozwe ndipo uchujwe zebaki iliyokuwamo kwenye meno yaliyozibwa. Ukiupoza, joto unalo mkononi. Je, ni heshima kulipeleka kwenye nyumba za watu? Baraza la Maadili la Denmark lililijadili jambo hili kwa uzito mwaka 2006 na kuona halina ubaya. Najua wasomaji wengi watasita hapa, na kusitasita huko si ushamba. Nawasifu Wadenmark kwa kuliuliza swali hadharani kabla ya kulaza bomba.

Seva na majokofu

Makaa yanaondoka. Asnæs sasa huchoma vipande vya mbao, na mitambo mingine imefuata njia hiyo au kufungwa. Lakini moto mkubwa unapozimwa, joto lake la ziada linazimika nalo, na miji inatafuta majirani wapya. Amager Bakke, tanuri la taka lililofunguliwa Copenhagen mwaka 2017, lina uwanja wa kuteleza kwa ski juu ya paa lake. Watalii hulipiga picha paa hilo. Wenyeji nao wameulizana kwa ukali kwa nini tanuri lijengwe kubwa kuliko taka zao, hata zikaagizwa taka kutoka nje ya nchi. Swali hilo ni la haki, kwa sababu joto la taka ni jema pale tu taka zenyewe hazitafutwi.

Huko Odense kampuni ya Facebook ilijenga kituo cha data. Seva huwaka usiku na mchana zikihifadhi picha za harusi na ujumbe wa wapendanao, na umeme wote unaoingia ndani yake hutoka kama joto. Hewa hiyo ya vuguvugu hupashia maji, lakini maji hayo hayafikii moto wa kutosha kwa nyumba. Kampuni ya joto ya mji, Fjernvarme Fyn, imejenga kando yake pampu za joto, ambazo hufanya kazi kama jokofu lililogeuzwa, zikilikusanya joto dogo na kulikweza. Makadirio ya mwanzo yalikuwa MWh 100,000 kwa mwaka, yaani joto la kutosha nyumba kama 6,900. Mabomba ya Odense hupasha pia vitalu nyumba vya maua na mboga. Mkulima wa Naivasha hatahitaji kuelezwa, maana huko Kenya shamba la maua la Oserian limewahi kupasha vitalu vyake kwa joto la kisima cha mvuke wa ardhini.

Kazi ya mafundi sasa ni kushusha nyuzijoto za maji ndani ya mabomba, ili hata jirani mdogo aweze kuchangia. Katika kijiji cha Høruphav, kusini mwa nchi, karibu na mji wa Sønderborg, duka la ushirika lilirekebisha majokofu yake. Joto linalotolewa kwenye maziwa na nyama hupasha duka lenyewe kwanza, na linalobaki huingia kwenye bomba la mtaa, likapimwa kwa mita, likauzwa kwa kampuni ya joto. Mama aliyetoka hapo na pakiti ya siagi anafika nyumbani, anavua koti, na kupasha mikono yake juu ya kipasha joto kilicho chini ya dirisha.